Maumivu Yasiyo na Shahidi

Je, maumivu yasiyoonekana katika kipimo chochote ni ya kweli? Zamani ningejibu upesi kwamba si ya kweli. Katika banda letu la useremala, hapa Bagamoyo, palikuwa na kijana aliyeshika tumbo kila palipokuwa na kazi ya haraka. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, naye akaacha kazi.

Kisha zamu ikawa yangu. Kila wiki tumbo lilinisokota na kujaa gesi. Nikienda haja hutulia. Leo naharisha, kesho sipati choo. Majirani walisema ni chango, wengine vidonda vya tumbo. Nilimeza dawa za amiba mara tatu, bila kuonekana amiba. Siku moja, ndani ya basi la Dar es Salaam, tulipofika Mapinga nilimsihi kondakta asimamishe gari. Abiria walicheka. Tangu hapo nikawa mtu wa visingizio. Hata maziko ya rafiki yangu kule Kaole sikwenda. Nilisema nina homa.

Hatimaye daktari mmoja alinisikiliza. Kwanza aliuliza kama naona damu chooni, kama napungua uzito, nina homa au upungufu wa damu. Dalili hizo, alisema, hazingojewi. Sikuwa nazo, na vipimo vilikuwa safi. Lakini hakusema kwamba siumwi. Alieleza kuwa utumbo na ubongo hupelekeana habari kwa mishipa ya fahamu, na kwangu habari hizo hufika kwa ukali: gesi kidogo asiyoihisi mwingine, mimi huniuma. Akaniagiza niandike ninachokula na kinachofuata. Nikagundua maharage, vitunguu, maziwa na hofu. Sasa nala kwa saa maalumu. Sijapona, ila naishi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nakubali, lakini mara nyingi mgonjwa huficha kwa sababu tumekwisha kumhukumu. Nikidanganywa na mvivu, napoteza nusu siku ya kazi. Nikimkana mgonjwa, namvunjia heshima yake. Hasara hizi mbili hazilingani.

Nilimtafuta yule kijana, nikamwomba radhi. Alinitazama, akauliza, "Fundi, kumbe nawe linakuuma?"

Bado sijaenda Kaole kuwaambia wafiwa ukweli. Deni hilo ninalo.