Je, Mzee Anyamaze?

Katika sura ya 18 ya Matendo ya Mitume tunakutana na mume na mke ambao katika habari ile hawapandi mimbarani hata mara moja. Ni Akila na Prisila, mafundi wa kushona mahema. Wako Efeso, na katika sinagogi anasimama mhubiri mgeni aitwaye Apolo, mzaliwa wa Aleksandria, msemaji hodari na mjuzi wa Maandiko. Mafundisho yake yana upungufu, kwa maana ubatizo anaoujua ni ule wa Yohana tu. Akila na Prisila wanamsikia na wanauona upungufu huo, lakini hawasimami kumkatiza. Wanamkaribisha kwao, na huko ndiko wanakomfafanulia yale aliyokuwa hajayafahamu.

Nimeifundisha habari hiyo katika shule ya Jumapili kwa miaka mingi. Naungama kwamba niliielewa nikiwa nimeshastaafu, tena baada ya kufanya kinyume chake.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mke wangu ni muuguzi mstaafu, wote wawili wenyeji wa magharibi mwa Kenya. Kanisa lilipotuomba tuvuke mpaka tukahudumu wiki moja pamoja na wamisionari vijana katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, siku tatu Mbeya na siku tatu Iringa, tulikubali kwa furaha. Agizo tulilopewa lilikuwa fupi: tuwe pamoja nao. Kwa mtu aliyesimama mbele ya ubao miaka 34, kuambiwa awepo tu ni kazi ngumu kuliko kuambiwa afanye.

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili. Kijana anapokosea katika huduma mbele za watu, na mzee yupo na anajua, je, mzee aseme au anyamaze? Akinyamaza, kweli inaachwa bila mtetezi. Akisema, kijana anavunjiwa heshima mbele ya wale aliotumwa kwao. Kweli na heshima ya mtu ni vitu ambavyo Mungu anavipenda vyote viwili. Tufanyeje vinapogongana?

Tulifika Mbeya mwezi wa Julai, wakati wa baridi kali. Vijana tuliokabidhiwa walikuwa wawili, Mtanzania wa Tanga na Mkongo wa Bukavu, wote chini ya miaka 25. Walikuwa wakienda nyumba kwa nyumba wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wale Thenashara. Walikwisha kujifunza salamu za Kinyakyusa, na kina mama sokoni Mwanjelwa waliwaitikia kwa kicheko cha upendo. Mimi, mgeni kutoka nchi ambako shikamoo haisikiki sana, niliamkiwa shikamoo kila mlango hadi nikajiona mtu mkubwa. Huenda hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Siku ya pili tulikwenda upande wa Uyole, kwa mzee mmoja mkulima wa viazi. Vijana walikuwa wameshamtembelea mara nne. Walitudokeza njiani kwamba mzee yule alikuwa amekosana na mwanawe kwa sababu ya shamba, na kwamba hajawahi kulizungumza, ila safari iliyopita alianza kugusia. Tulikaribishwa chai. Kijana wa Tanga alisimulia habari za Naamani, yule jemadari mwenye ukoma aliyeona haya kujichovya katika Yordani. Alisimulia vizuri sana. Nilimwona mzee akiinamisha kichwa, kikombe kikipoa mkononi. Kisha kijana akasema kwamba aliyempa Naamani agizo lile ni nabii Elia.

Nikasema, “Si Elia. Ni Elisha.”

Nililitamka kama nilivyozoea darasani, bila hasira wala dharau. Kijana akasema, “Asante, baba, ni Elisha,” akaendelea. Lakini mzee alikuwa ameshainua kichwa. Kuanzia hapo alizungumza na mimi tu. Aliniuliza habari za Kenya, za mahindi, za bei ya mbolea. Kila kijana alipotia neno, mzee alinitazama mimi kwanza, kana kwamba anasubiri nilisahihishe. Tulipoaga alisema, “Karibuni tena, mje na mzee wenu.” Mzee wao alikuwa anaondoka kesho kutwa.

Asubuhi iliyofuata kijana wa Tanga alikuja mlangoni pa chumba chetu, akaniamkia, akaniomba tutoke nje kidogo. Huko, mbali na wenzetu, akaniambia kwa upole: “Baba, jana nilikosea jina, na nashukuru umenirekebisha. Naomba tu, nikikosea tena, uniambie tukiwa njiani. Yule mzee alikuwa karibu kusema.”

Hakuongeza neno. Mimi niliyefundisha habari za Akila na Prisila nilikuwa nimetendewa kama Apolo, na aliyenitendea ni kijana ambaye umri wake haujafikia miaka niliyokaa kazini.

Katika nchi hiyo si jambo geni wazee na vijana kutumwa pamoja. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin walipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kiongozi wao alikuwa Alexander Merensky, mtu wa miaka 54 aliyekwisha kuhudumu Afrika Kusini kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka huohuo Wamoravian nao walifika wakaanza kazi Rungwe. Merensky alikuja na ujuzi ambao wenzake hawakuwa nao, lakini hakukaa. Mwaka uliofuata alirudi Ujerumani, na kazi ikabaki mikononi mwa waliokuwa wadogo kwake. Mzee anayekuja kwa muda mfupi, uwe mwaka au wiki, hana budi kujiuliza ni nini kitakachobaki akishaondoka. Mimi niliacha Mbeya nyumba moja ambayo ndani yake wamisionari wawili walikuwa wameshushwa wakawa watoto.

Basi nikaamua kwamba Iringa nitanyamaza. Lakini katika basi, tulipokwisha kupita Makambako na mashamba ya misitu ya Mafinga, nilikumbuka kwamba kunyamaza nako kuliwahi kunigharimu. Miaka mingi iliyopita shangazi yangu, mgonjwa wa kisukari, aliombewa na mtumishi mmoja mwenye umri na heshima kubwa, akaambiwa dawa sasa ni za wasioamini. Nilikuwepo. Nilijua kwamba si kweli. Lakini mimi nilikuwa mdogo na yeye alikuwa mkubwa, na kwetu mdogo hamkatizi mkubwa. Shangazi aliacha dawa, na hakumaliza mwaka. Adabu yangu siku ile ilisifiwa na wote waliokuwemo.

Kwa hiyo nilifika Iringa nikiwa na makosa mawili: nilinyamaza palipohitaji neno, nikasema palipohitaji kimya. Sikujua ni kitu gani kinachoyatenganisha.

Mke wangu ndiye aliyenionyesha, ingawa hakukusudia kunifundisha. Iringa tulihudumu na mabinti wawili. Nyumba tuliyokwenda siitaji, wala mtaa wake. Mama wa nyumba hiyo alitueleza mwenyewe kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Katika mikoa ile hilo si jambo la nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wa miaka 15 na zaidi, maambukizi ya VVU yalikuwa asilimia 11.1 mkoani Iringa na asilimia 9.6 mkoani Mbeya, wakati kwa Tanzania nzima yalikuwa asilimia 4.4. Kila mhubiri anayepiga hodi huko anazungumza, ajue asijue, na familia zinazomeza dawa kila siku.

Mabinti walimwombea yule mama kwa machozi. Baada ya amina uso wake ulikuwa unang'aa. Akachukua kopo la vidonge akauliza, “Kwa hiyo hizi niache?” Binti mmoja alisita, akaanza kusema, “Mama, kama imani yako inakuambia hivyo…”

Mke wangu hakusubiri amalize. “Usiache hata siku moja, mwanangu,” alisema. Akasogea, akakaa naye kwenye mkeka, akamweleza taratibu kama alivyofanya wodini: kwamba dawa zinavilaza virusi lakini haziviondoi mwilini, kwamba akiacha, virusi vitaamka tena, kwamba akizimeza vizuri hadi vipimo visivione, hawezi kumwambukiza mumewe. Kisha akasema, “Mungu aliyesikia maombi ya mabinti hawa ndiye anayekutunza kwa dawa hizi. Hajigombi mwenyewe.” Akamgeukia binti yule aliyesita, akamwomba afunge kwa sala ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya dawa na kwa ajili ya wanaozigawa. Binti akaomba. Yule mama akaitika amina, na macho yake yalikuwa kwa binti.

Jioni, tulipokwisha kula, mke wangu alikwenda kukaa na binti huyo peke yao. Binti alilia. Alisema alijua jibu sahihi tangu mwanzo, ila aliogopa kuonekana mwenye imani haba.

Tofauti ya Mbeya na Iringa ni nini? Pote kijana alikosea na pote mzee alikatiza. Nimelitafakari jambo hili miezi mingi, na jibu langu ni hili: tuulize nani atakayelipa gharama ya kimya chetu. Kama ningenyamaza Mbeya, Elisha asingepungukiwa na kitu, mzee wa viazi asingedhurika, na kijana angesahihishwa njiani. Kama mke wangu angenyamaza Iringa, gharama ingelipwa na mtu wa tatu, ambaye hakukosea wala hakujua. Hali kadhalika kimya changu mbele ya mtumishi yule kililipwa na shangazi.

Maandiko yanatuonyesha njia zote mbili. Bwana anatufundisha katika Mathayo 18 kumwendea ndugu aliyekosa na kuzungumza naye tukiwa wawili tu. Lakini katika Wagalatia 2 Paulo anasimulia jinsi alivyompinga Petro mbele ya watu wote. Nadhani hakuwa amesahau mafundisho ya Bwana. Petro alikuwa amejitenga na meza ya waumini wa Mataifa, na kila siku iliyopita walikuwa wakiumizwa na kujiona si watu kamili katika nyumba ya Mungu. Jeraha lilikuwa la watu wengine, tena la hadharani, na dawa yake haikuweza kuwa ya sirini. Tuone pia kwamba Petro alikuwa mtume kabla ya Paulo. Kanuni hii haimlindi mtu kwa cheo wala kwa umri.

Mtu anaweza kuniambia kwamba fundisho lolote la uongo linaumiza, hivyo tusahihishe yote papo hapo. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo inayonifanya niogope. Moyo wa mzee ni mwerevu. Unaweza kuiita fahari yake uchungu kwa ajili ya kweli. Kwa hiyo nimejiwekea swali la pili la kujipima: kama hakuna atakayejua kwamba mimi ndiye niliyelijua jibu, je, bado ningeona haja ya kulisema sasa hivi? Kwa Elisha, hapana. Kwa vidonge vya yule mama, ndiyo, hata kama sifa yote ingekwenda kwa mwingine. Tena mke wangu alihakikisha imekwenda kwa mwingine, alipomwachia binti sala ya kufunga.

Kwa hiyo mzee asinyamaze siku zote, wala asiseme siku zote. Aseme mara moja pale asiye na hatia atakapoumia, na akishasema amrudishie kijana nafasi yake palepale, mbele ya watu walewale. Mengine yote ayabebe hadi njiani. Na awape vijana ruhusa ya kumtendea vivyo hivyo, kwa kuwa naye atawahitaji.

Baada ya kurudi nyumbani nilimpigia simu mzee wa Uyole. Nilimwambia kwamba siku ile nilimkatiza mtumishi wa Mungu katikati ya ujumbe wake, na kwamba vijana wale wanaweza kubeba siri kuliko mimi. Alicheka kwa adabu, akaniuliza kama mvua imenyesha. Vijana wananiambia wanaendelea kumtembelea na anaendelea kuwapa chai. Habari za mwanawe hajazigusa tena. Nawaomba ninyi mnaosoma mumwombee mzee huyo na mwanawe. Na Jumapili hii, kijana wa kwaya au wa shule ya Jumapili atakapokosea jina la nabii, ulizeni kwanza moyoni ni nani atakayeumia, kabla hamjafungua kinywa.