Mwenye Kushika Mizani za Watu



Siku hizi kijana akimaliza shahada yake ya kwanza, akaulizwa ataendelea na nini, hujibu mara nyingi kwamba anataka shahada ya uzamili katika uchumi na data kubwa. Maana ya maneno haya si ngumu. Ni elimu ya kukusanya habari nyingi kupita uwezo wa kalamu na daftari: fedha zinazotumwa kwa simu, bei za sokoni, gharama za hospitali, mienendo ya watu kwa mamilioni, kisha habari hizo hutiwa katika kompyuta ili ikisie nani atalipa deni, nani ataugua, na nani atakosa chakula mavuno yakipungua.

Juu ya elimu hii zimeenea kauli mbili. Wako wazee wasemao kuwa hii ni elimu ya dunia tupu, haina fungu katika dini. Na wako vijana wasemao kuwa hizi ni hesabu tu, na hesabu haina halali wala haramu. Mbili na mbili ni nne kwa Mwislamu na kwa asiye Mwislamu. Kauli zote mbili, kwa maoni yangu, zimekosea njia.

Tuanze na wazee wetu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya tisa, zama za Khalifa al-Ma'mun, ndiye aliyetunga kitabu ambacho jina la aljebra limetokana nacho. Na jina lake yeye mwenyewe ndilo lililogeuzwa katika ndimi za Ulaya likawa "algoriti", yaani ule utaratibu wa hatua kwa hatua unaofuatwa na kompyuta. Je, sehemu kubwa ya kitabu kile inahusu nini? Inahusu masuala ya wasia na mirathi! Aliyepita chuoni akasoma faraidh anajua sababu yake. Mwanamke akifa akaacha mume, mama na mtoto wa kiume, mume ana robo, mama ana sudusi, na mtoto huchukua kilichobaki. Asiyejua hesabu atamdhulumu mmoja wao, hata akiwa mchamungu wa kukesha. Naye Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.) alianzisha diwani, daftari la majina ya watu, ili kila mwenye haki katika mali ya umma apate fungu lake. Basi kuwahesabu watu ili wapewe haki zao si jambo geni kwetu.

Ama nyinyi vijana, ni kweli mbili na mbili ni nne. Lakini kabla ya kujumlisha, yuko mtu aliyechagua nini kihesabiwe na nini kiachwe, na hapo ndipo halali na haramu zinapoingia.

Chukua mfano wa Marekani. Huko hospitali zilitumia programu ya kompyuta kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu ile haikuambiwa rangi ya mtu. Iliambiwa ikisie nani atagharimu fedha nyingi zaidi, kwa kudhani kwamba mwenye gharama kubwa ndiye mwenye maradhi makubwa. Kumbe kwa ugonjwa ule ule, mtu mweusi alikuwa akitumiwa fedha chache kuliko mweupe! Kwa hiyo ilimbidi mweusi augue zaidi ndipo apate alama sawa na mwenzake. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake, akiwemo mwanauchumi Sendhil Mullainathan, walilifichua jambo hili katika jarida la Science. Walionyesha kwamba kosa lile likirekebishwa, weusi miongoni mwa wanaochaguliwa wangepanda kutoka asilimia 17.7 hadi asilimia 46.5. Programu ilipima fedha, watu wakaambiwa imepima ugonjwa.

Ndugu msomaji, tunapofundisha Suratul Mutaffifin tumezoea kutaja pishi na kibaba, na muuza duka anayegandamiza mizani kwa kidole. Lakini yule humpunja mnunuzi aliyesimama mbele yake, naye anaweza kumwona akateta. Mwenye kuunda mizani ya data huwapunja watu ambao hatawaona maisha yake yote, wala wao hawatajua kuwa wamepunjwa. Atasema, "Sikukusudia." Je, muuza duka aliyenunua mizani, asiijaribu hata siku moja, akawapimia watu miaka kumi, ana udhuru? Ujinga ambao mtu aliweza kuuondoa hauwi ngao yake.

Na huku kwetu mambo haya yamekwisha kufika. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wa fedha, na baadaye ikawa mlango wa mikopo. Suala la riba lina makala yake. Leo nataja jambo jingine. Baadhi ya wakopeshaji wa simu walichukua majina na namba zilizomo katika simu ya mkopaji, naye akichelewa kulipa, wakawapigia mkwewe, jirani na tajiri wake wa kazi ili kumfedhehesha. Serikali hazikunyamaza. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na mwaka 2021 ikawaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu. Tanzania nayo ikatunga sheria yake mwaka 2022. Lakini jiulize, nani aliyeiandika programu ya kuchukua majina yale? Ni msomi! Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametukataza kupelelezana katika Suratul Hujurat, na katika Suratul Baqara ameamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Msomi yule alivunja amri zote mbili kwa mshahara. Wala haimfai kusema aliamrishwa na bwana wake, kwani hakuna utii kwa kiumbe katika kumuasi Muumba.

Je, nasema elimu hii iachwe? La, hasha! Tazama tena habari ya Marekani. Waliofichua dhuluma ile hawakuwa wahubiri, wala sisi walimu wa vyuo. Walikuwa wasomi wa elimu hiyo hiyo, kwa sababu jicho jingine halikuweza kuiona. Waadilifu wote wakiikimbia mizani, itabaki mikononi mwa nani? Kwa hiyo naiona kuwa ni faradhi ya kutosheleza: wasipokuwako miongoni mwetu wanaoijua, sote tuna dhima.

Basi nenda kasome, mwanangu, lakini uwe na maswali matatu kila ukaapo mbele ya kompyuta. Mizani yangu inapima kitu gani hasa? Ni nani hayumo kabisa katika hesabu hii, kama mama muuza vitumbua ambaye laini yake imeandikwa jina la mwanawe? Na mwenye habari hizi, lau angejua ninavyozitumia, angeridhia?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mja ataulizwa elimu yake aliifanyia nini. Siku hiyo haitaulizwa shahada. Wataulizwa wale waliopimwa, mmoja mmoja, nawe utakuwa umesimama hapo.

Wabillahi tawfiq.