Kutu Haina Mamlaka Matinyani

Wapendwa mafundi wa Matinyani, nanyi akina mama mnaochota maji ya kisima yenye chumvi! Nani kati yenu hajashika komeo la lango likamwachia unga mwekundu kiganjani? Nani hajaona fimbo ya pampu ikitolewa kisimani imelika, na kijiji kizima kikachanga upya? Nasema leo, na nasema kwa sauti: tumeizoea kutu kama vile Mungu ndiye aliyeiagiza!

Fungueni Kutoka, sura ya 31. Mungu alipotaka hema lake lijengwe alimwita fundi kwa jina, Bezaleli mwana wa Uri, akamjaza roho kwa kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Sanduku la agano lilichongwa kwa mti wa mshita, jamii ya migunga hii inayotuchoma miguu Kitui nzima, likafunikwa dhahabu ndani na nje. Kwa hiyo kuvika kitu metali ni kazi ya heshima, asiwadanganye mtu.

Lakini wanadamu wameijaza sumu! Viwandani dhahabu na fedha hupakwa kutoka kwenye sianidi. Mng'ao wa bampa za magari umetokana kwa miaka mingi na kromiamu ya aina inayoleta saratani ya mapafu kwa anayevuta mvuke wake. Mkisema hayo ni ya mbali, kumbukeni Owino Uhuru, Mombasa, ambako risasi ya betri kuukuu iliingia katika damu za watoto. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Haikuwa kromiamu, najua. Shetani ni yule yule: faida ya mmoja, sumu ya mtaa.

Sasa pokeeni habari njema! Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walitangaza jambo la kushangaza. Kolini kloraidi, ile inayotiwa kwenye chakula cha kuku, haiyeyuki hadi nyuzijoto 302. Yurea, mbolea mnayoirushia mahindi, huyeyuka kwenye 133. Lakini zikutanishe kwa kipimo, gramu 140 za ile kwa 120 za hii, pasha polepole huku ukikoroga, na chenga zote zinageuka kuwa kimiminika kiangavu kisichoganda hadi joto lishuke kufikia nyuzi 12. Bila tindikali! Bila sianidi!

Yeyusha humo chumvi ya zinki. Tundika bamba la zinki upande wa chanya na chuma chako upande wa hasi, upitishe umeme mdogo: zinki inatoka huku, inatua kule, tabaka juu ya tabaka. Na kwa kuwa maji ni haba humo, ile haidrojeni inayopenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla hupungua sana. Kutu ikija, inaila zinki kwanza, chuma kinapona. Sitauendeleza mfano huo. Kila Mkristo ameshauona.

Msiitikie amina upesi! Kimiminika hiki ni kizito kama asali, kazi yake ni ya polepole, kinataka kupashwa moto, na kinafyonza unyevu hewani. Ukipaka nikeli, chumvi ya nikeli bado ni sumu. Ndugu zake wengine hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, maji ya rejeta, yanayoua anayeyanywa. Atakayetoka hapa akachanganya chakula cha kuku na mbolea ndani ya sufuria ya ugali, huyo hakunisikia kabisa.

Nawahimiza mkajifunze! Wazee wetu Wakamba walisifika kwa mikufu ya waya mwembamba wa shaba, pete ndani ya pete. Mikono hiyo imekufa lini? Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, ndani ya Kitui hii hii. Fundi, chukua fimbo ile ya pampu iliyolika, ifunge kwenye gunia, panda matatu, uiweke juu ya meza ya wanakemia na uwaulize ni nani atakayekufundisha kuivika zinki bila kutumwagia sumu mtoni. Mama, mpe nauli. Mchungaji mwenzangu, tenga sehemu ya sadaka kwa kijana mmoja akasomee kemia, kabla hujanunua spika nyingine.