Alaumiwe Mkulima au Jembe Lake?

Wako watu wasemao ya kwamba lugha za programu, yaani zile lugha ambazo kwazo kompyuta huamrishwa, zote ni sawa, na kwamba ubaya wa programu ni ubaya wa mwandishi wake tu. Wengine huitupia lugha lawama yote. Swali hili si geni kwa mtu atafutaye ukweli, maana aghalabu kitu huhukumiwa kwa matendo ya wakitumiao kabla hakijatazamwa chenyewe.

Na tuitazame kwanza milima ya Umatengo, wilayani Mbinga. Kwa zaidi ya miaka 100 Wamatengo wamelima kwa ngoro katika miteremko mikali. Majani hukatwa na kulazwa kwa miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba, ukayafunika majani hayo. Hapo hupatikana mashimo mengi yaliyopangana, na maharage hupandwa juu ya matuta yake. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni, wala hayakimbii na udongo. Na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Basi, katika kijiji chochote hawakosekani wavivu, wagonjwa na wazee. Shimo moja likichimbwa vibaya, lililo chini yake hupokea maji yaliyolishinda la juu. Mpango huo umekwisha kumfikiria mkulima aliyechoka, na ubora huo ni wa mpango wenyewe.

Sasa tuijie kompyuta. Lugha iitwayo C, aliyoitunga Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa na amri iitwayo gets. Kazi yake ilikuwa kupokea maandishi na kuyaweka mahali palipotengwa. Lakini haikuwa na njia yoyote ya kuambiwa ukubwa wa mahali hapo. Maandishi yakizidi, yalifurika na kuharibu yaliyo jirani. Novemba 1988 programu ya Robert Morris ilipenya kwa mlango huo, pamoja na milango mingine, ikaambukiza maelfu ya kompyuta. Je, mwandishi angalijihadhari vipi, hali amri yenyewe haipokei kipimo? Hapo bingwa na mwanafunzi walikuwa sawa. Mwaka 2011 amri hiyo iliondolewa katika kanuni rasmi za lugha hiyo, na kuiondoa huko ni kukiri.

Hata hivyo, mtu akiandika programu ya kupima kahawa ya wakulima, akapunguza kilo mbili katika kila gunia pasipo haki, hakuna lugha duniani itakayomzuia. Kwa hiyo yatupasa tuulize: je, kosa hili huwapata hata walio makini? Likiwapata, ni la lugha. Likiwapata wazembe peke yao, ni lao. Ingawa lugha imwachiayo mzembe mmoja kuwaangamiza watu elfu haiwezi, kwa maoni yangu, kutoka mahakamani bila doa.

Tena, kwa miaka mingi kabla ya 2011, mashine zenyewe ziliwaonya waandishi ya kuwa gets ni hatari. Aliyeonywa, kisha akaitumia, alikuwa mshirika wa lugha katika kosa hilo.