Sabuni Inayotaka Mkono

Neno "asili" siku hizi linamaliza mjadala. Likiandikwa kwenye chupa ya sabuni, hatuulizi tena: tunaona tumeshachagua mema, kwa watoto, kwa mito na kwa mapafu yetu.

Na mimi natengeneza vya kwangu. Naloweka maganda ya machungwa kwenye siki kwa wiki mbili, nachuja, nachanganya na maji nusu kwa nusu. Siki ya dukani ina asidi asetiki ya karibu asilimia 5, na asidi hiyo huyeyusha ukoko mweupe ambao maji ya kisima huacha kwenye birika na bomba. Kwa mafuta natumia magadi, ambayo ni alikali. Siki na magadi sivichanganyi. Lile povu linalofurahisha macho ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka, na vikikutana kila kimoja humaliza nguvu ya mwenzake.

Kemia hiyo ni nyepesi. Kigumu ni hiki: tunaposema njia fulani ya kusafisha ni njema, tumehesabu gharama ya nani?

Sabuni ya unga ya kiwandani ina chembe ambazo upande mmoja hushika mafuta na upande mwingine hushika maji, hivyo uchafu hung'oka kwa kusugua kidogo. Ukiiondoa, kazi iliyokuwa ikifanywa na sabuni inarudi kwenye bega. Kwa anayesafisha nyumba yake mwenyewe, hilo ni shauri lake. Lakini katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, anayechagua sabuni siye anayeshika brashi.

Mama yangu mdogo alifanya kazi za ndani kwa miaka mingi. Nilipompa chupa yangu aijaribu kwenye jiko lake, alinusa, akasugua, akasema, "Inanukia vizuri, mwanangu, ila inataka mkono." Kisha akanisimulia kuhusu nyumba moja ambako siku moja walipiga marufuku sabuni ya unga kwa sababu ya afya ya watoto. Nia ilikuwa safi. Vyumba vilibaki vilevile, saa zilibaki zilezile, na mshahara pia.

Mtu anaweza kunijibu kwamba dawa kali humwumiza yeye kwanza, kwa kuwa ndiye anayeinama chooni dirisha likiwa limefungwa. Ni kweli. Dawa ya klorini ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu, na pua iliyo karibu zaidi ni ya mfanyakazi. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema kila mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya mazingira salama na yenye afya. Ila magoti na kiuno navyo ni sehemu ya afya. Tena asili yenyewe haina huruma: maji ya majivu ya kuni, ambayo watu wamesafishia tangu zamani, huchubua ngozi.

Kwa hiyo sisemi turudi kwenye dawa kali. Nasema wema ninaouchagua mimi na kulipiwa na mwingine haujawa wema wangu bado. Ni amri tu, hata ikinukia machungwa. Ukitaka uwe wako, muulize kwanza atakayesugua, na jibu lake liweze kubadili uamuzi. Akikubali, ongeza muda au malipo, au punguza kazi. Yote yakishindikana, shika brashi mwenyewe.

Kwenye chupa zetu huwa tunaandika kilichomo: siki, maganda, maji. Ningependa chini yake tuandike pia sinki moja huchukua dakika ngapi, na za mkono wa nani.