Kilichotupwa ni cha Nani?

Siku chache zilizopita, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja katika darasa letu alituuliza swali ambalo wenzake walilicheka. Vijana hawa walikuwa wakitengeneza madawati ya madrasa kwa mbao za paleti, yaani yale majukwaa ya mbao ambayo bidhaa hupangwa juu yake katika meli na maghala. Mbao hizo walizichukua nyuma ya ghala moja upande wa Shimanzi. Akauliza: “Je, mbao hizi ni halali yetu?” Wenzake wakamwambia: “Taka nayo ina mwenyewe?” Nasi, twakiri, tulicheka pamoja nao, tukasema: “Okoteni, kilichotupwa hakina mwenyewe.”

Tuliporudi nyumbani swali lile lilitukaa rohoni. Tulijiona tumetoa jawabu kwa wepesi katika jambo ambalo wanavyuoni wetu hawakulifanyia wepesi. Basi haya tunayoandika ni kujisahihisha sisi wenyewe kabla ya kumsahihisha mtu mwingine.

Kwanza twasema kuwa kazi yenyewe ni kazi njema, na mwenye kuidharau amekosea. Tangu Februari 2018, serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, kila seremala amejua maana ya ubao kuwa ghali. Na katika mji wa bandari kama Mombasa, mbao njema za misonobari huvunjwa na kuchomwa moto kila siku. Mtume wetu (s.a.w.) alipita penye mbuzi aliyekufa, akauliza mbona wenyewe hawakuifaidi ngozi yake, walipomwambia kuwa ni mzoga, akawajulisha kwamba kilichoharamishwa ni kuula tu. Tena alimsifu mtu achukuaye kamba yake akaenda kukata kuni na kuzibeba mgongoni, kuliko yule awaombaye watu. Basi kijana asukumaye mkokoteni wa mbao kuukuu mchana wa jua ana heshima yake mbele ya Mwenyezi Mungu, na tusimwite mchokora.

Lakini wema wa kazi hauhalalishi kila njia ya kuifanyia. Yapasa tuulize: kitu hutoka vipi katika milki ya mwenyewe?

Hali ni tatu. Ya kwanza, mwenyewe atamke kwa ulimi wake: “Hizi chukueni.” Hapa hapana shaka. Ya pili, asitamke, lakini hali na desturi zionyeshe wazi kuwa ameachana na kitu chake, kama masuke yasalioyo shambani baada ya mavuno, ambayo wanavyuoni wameruhusu kuyaokota pale ijulikanapo kuwa mwenye shamba yu radhi. Vipande vilivyovunjika na kutiwa katika pipa la taka lililo barabarani vimo katika fungu hili. Ya tatu ndiyo iwapotezayo wengi: kitu kimewekwa nje, nasi tukadhani kimetupwa. Kuweka si kutupa. Mtu huanika nguo nje ya nyumba yake, na hapana apitaye akasema zimetupwa.

Na paleti, ndugu msomaji, ina jambo lake zaidi. Nyingi katika hizo si za mwenye ghala hata kidogo. Huja na bidhaa na kurudi zilikotoka. Na ulimwenguni yako makampuni ambayo biashara yao ni kuzikodisha, huzipaka rangi na kuzipiga chapa, wala haziuzi. Basi hata mwenye ghala akisema “chukueni”, huenda anatoa kisicho chake, na aliyeazimwa kitu hana haki ya kukigawa. Kwa hiyo paleti nzima, yenye rangi na jina, usiiguse mpaka ujue ni ya nani.

Tukawauliza vijana: “Nani aliwaruhusu?” Wakasema: “Bawabu. Tulimpa shilingi mia, akatufungulia.” Hapo ndipo kicheko chetu kilipogeuka haya. Bawabu amewekwa alinde, hakuwekwa auze. Mtume (s.a.w.) alimkemea yule mtumishi aliyetumwa kukusanya sadaka akarudi akisema hii ni yenu na hii nimepewa mimi, akauliza mbona hakukaa nyumbani kwa babake na mamake aone kama zawadi hiyo ingemfikia. Vile vile shilingi mia ile: lau bawabu asingalikuwa na ufunguo wa tajiri wake mkononi, nani angalimpa? Basi tumemtia mtu maskini katika khiyana, nasi tunataka kujenga dawati la kusomea Qur’ani!

Wako watakaosema: “Tajiri hajali, na ubao huo angeuchoma.” Twajibu: ikiwa hajali, basi kumwuliza ni jambo jepesi. Na ikiwa twaona uzito kumwuliza, uzito huo watoka wapi? Aogopaye kuuliza mara nyingi amekwisha kulijua jawabu. Wengine watasema: “Matajiri hawa ni wafujaji, na maskini ana haki katika mali yao.” Ufujaji ni dhambi kweli, na mfanyabiashara achomaye mbao njema huku jirani yake hana mlango atakwenda kuulizwa. Lakini dhambi yake haihamishi milki yake kuja kwetu. Haki ya maskini ina mlango wake, nao si mlango wa nyuma wa ghala.

Liko na jambo la madhara. Kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002, mbao za kufungia shehena ziendazo nchi za nje huuliwa wadudu kabla ya kusafirishwa, kisha hupigwa muhuri. Penye herufi HT, ubao umetiwa joto hata kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Huo hauna dawa ya sumu ya kanuni hiyo. Penye herufi MB, umefukizwa kwa methili bromaidi, nayo ni sumu. Ubao wa namna hiyo, au uliolowa mafuta na madawa yasiyojulikana, usifanywe kitanda cha mtoto wala usitiwe jikoni kuwa kuni. Sheria yetu imekataza kujidhuru na kudhuru wengine. Na mwenye kuuza kabati la mbao kuukuu amweleze mnunuzi, Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini limelowa, akamkana mwenye kuwaghushi watu.

Asubuhi ya pili tulifuatana na vijana mpaka kwa mwenye ghala. Alitusikiliza, akatoka nasi nje kuangalia. Akasema zilizovunjika ni zetu, tuje kila Alhamisi tuziondoe, kwani yeye hulipa gari la kuzitupa. Lakini zilizokuwa nzima, akasema, si zake. Ni za aliyemwuzia bidhaa, naye hudaiwa kila moja ipungukapo. Katika tulizozichukua, nzima zilikuwa nane. Tatu zilikuwa bado hazijaguswa, tukazirudisha siku ile ile. Tano zilikwisha kuwa madawati. Tukachanga thamani yake, na aliyetoa fungu kubwa ni aliyetoa fatwa kabla ya kuuliza. Hatukumtaja bawabu, kwani kosa lile tulilianza sisi; tulimwendea peke yake, tukamwomba msamaha.

Sasa madawati hayajatosha, na watoto wa safu ya nyuma wangali juu ya mikeka. Wazazi wengine wametulaumu. Lakini yule kijana aliyechekwa ndiye tuliyemkabidhi kazi ya kila Alhamisi, maana alichelea kwa ubao kile ambacho wengi wetu hatukichelei kwa nyumba na mashamba.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, na utupe ulimi wa kuuliza kabla ya mkono wa kuchukua. Amin.