Je, Ni Haki Kumnyamazisha Asiyejua Kuimba?



Wengi wenu mmekwisha kuniona, tangu mwanzo wa Majilio, nikisimama mwishoni mwa mstari wa nyuma katika ile kwaya ndogo inayoimba kwenye Sala za Jioni. Wengine mmenicheka, nami sikukasirika. Mzee wa miaka 64 anapoanza kujifunza jambo ambalo vijana wamelijua tangu utoto, hana budi achekwe kidogo. Lakini katika kujiunga huko nimekutana na swali ambalo sikulitazamia, nalo si swali la muziki bali ni la haki. Ningependa tulifikiri pamoja.

Kwaya yenyewe mnaijua. Ni watu 12 tu, watatu kwa kila sauti, nao huimba bila kinanda wala ngoma. Hakuna anayelipwa. Yumo fundi cherehani, yumo muuguzi, wamo wakulima na mama muuza samaki. Katika kwaya kubwa ya Jumapili, mmoja akinyamaza hapana anayejua. Katika kwaya yetu, mmoja wa besi akinyamaza, theluthi moja ya besi imekwenda.

Hilo nililijua siku ya tatu ya mazoezi. Tulifika mahali pagumu, sauti zote nne zinapoachana, kila moja ikashika njia yake. Nikapotea. Basi nikafanya kama wafanyavyo watu wengi: nikaendelea kufungua na kufunga mdomo, wala sikutoa sauti. Mwalimu wa kwaya, ambaye ni binti niliyemfundisha kusoma akiwa darasa la kwanza, akasimamisha wimbo.

“Mwalimu,” akasema kwa adabu, “mbona nakuona lakini sikusikii?”

Nikamjibu kwamba nilichelea kuwaharibia wenzangu.

“Kosea kwa sauti, Mwalimu, nipate kukusahihisha. Ukinyamaza, nitasahihisha nini?”

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini njiani kurudi nyumbani maneno yale yalinichoma, kwa sababu ambayo binti yule hakuijua.

Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1982, kijana mwenye bidii. Mwaka 1984 shule yetu ilipewa habari kwamba wageni watakuja kututembelea, nami nikakabidhiwa kwaya ya watoto. Tulifanya mazoezi wiki tatu. Alikuwamo mtoto mmoja wa darasa la nne ambaye sauti yake ilikwenda kando ya wimbo kama ng'ombe aliyeacha njia. Alipenda kuimba kuliko wote, na kwa hiyo aliimba kwa nguvu kuliko wote. Siku mbili kabla ya wageni kufika nilimwita pembeni, nikamwambia kwa upole kabisa, “Wewe simama na wenzako, fungua mdomo kama wao, lakini usitoe sauti.” Akatii. Wageni walifika, wakasifu, mwalimu mkuu akanipongeza. Nikalisahau jambo lile.

Mwaka 2006 nilikwenda kuzika katika kijini kile kile. Aliyefariki alikuwa mama yake mtoto yule, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Kaburini watu wote waliimba, wanaojua na wasiojua, kama ilivyo desturi yetu. Nilimtazama mfiwa. Midomo yake ilikuwa ikifuata maneno yote, wala hapakutoka sauti. Nilisimama karibu naye kiasi cha kusikia hata pumzi yake. Mtu alimzika mama yake kimya, na huenda mimi ndiye niliyemfundisha kufanya hivyo. Sikuwa na ujasiri wa kumwuliza.

Basi hili ndilo swali langu. Je, ni haki kumnyamazisha mtu asiyejua kuimba, ili wimbo wa wote upendeze?

Wako watakaosema ni haki, na hoja zao si za kudharauliwa. Watasema kwamba wimbo ni sadaka, na sadaka haifai kuwa na kilema. Watasema kwamba watu 11 waliojitahidi wiki nyingi wasipotezewe kazi yao na mmoja. Watasema kwamba wasikilizaji nao wana haki yao. Na hata Mtume Paulo, alipowaeleza Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, hakusema kwamba kila kiungo ni jicho.

Haya yote nayakubali. Sidai kwamba kila mtu aingizwe katika kila kwaya. Kiongozi akimwambia mtu, “Ndugu, sauti yako haijawa tayari kwa kazi hii, njoo ujifunze kwanza,” amemwambia neno gumu, lakini amemwambia kweli. Mtu huyo anaweza kuhuzunika, anaweza kujifunza, anaweza kwenda zake kuimba shambani. Sauti yake bado ni yake.

Lakini mimi sikumfanyia hivyo mtoto yule. Nilimweka mstarini ili watu waone kwaya kubwa, nikamwondolea sauti ili wasikie kwaya nzuri. Nilichukua mwili wake, nikakataa nafsi yake. Tena nilimfanya ashiriki mwenyewe katika uongo juu yake mwenyewe. Nami nikisema kweli, sikumnyamazisha kwa kuupenda muziki. Nilimnyamazisha kwa kuogopa aibu yangu mimi. Kumfundisha kungetaka jioni kadhaa za kukaa naye, na kumwambia afunge sauti kulitaka dakika moja.

Hapo ndipo nikumbukapo historia ya nota zile za solfa tunazozitumia, herufi za d, r, m. Mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili huko Uingereza walimwomba mhubiri mmoja, John Curwen, atafute njia iliyo rahisi ya kufundisha watu kuimba. Yeye akaichukua na kuiendeleza njia ya mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Sarah Glover. Njia hiyo ikaenea, na wamisionari wakaileta hata Afrika. Haikutungwa kwa ajili ya mafundi wa muziki, maana wao walikuwa na nota zao. Ilitungwa kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida. Nami niliishika njia ile mkononi, nimefundishwa chuoni, nikaitumia kumfungia mtoto mlango!

Mtu asije akadhani nasema kwamba ukimya wote ni mbaya. Katika kwaya nimejifunza kwamba upo ukimya mwema. Upo ukimya ulioandikwa katika wimbo wenyewe, ambapo besi hupumzika ili wengine wasikike. Upo ukimya wa anayesikiliza kwanza ili aimbe baadaye. Na upo ukimya mfupi wa kuvuta pumzi. Wimbo ukiwa mrefu tunapokezana: mimi ninapovuta pumzi, jirani yangu anaendelea, na anapovuta yeye, mimi naendelea, hata msikilizaji asijue kwamba yuko aliyenyamaza. Katika ukimya huo hapana uongo, kwa sababu sauti itarudi. Ukimya mbaya ni ule wa mdomo ulio wazi usiotazamia kutoa kitu kamwe.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nawaomba walimu wenzangu, wazazi, na viongozi wa vikundi vyote vya parishi yetu: tusimfundishe mtu kuficha asichokijua. Na jambo hili si la nyimbo tu. Mikutano yetu mingapi ina watu wanaotikisa vichwa kukubali mambo wasiyoyaelewa, kwa kuwa siku moja mtu aliwaambia kwa upole kwamba sauti zao zitaharibu?

Mimi sasa ninakosea kwa sauti. Sala za Jioni zilizopita nilikosea mara mbili, na jirani yangu wa besi akanigusa kiwiko. Baada ya Pasaka nimekusudia kwenda katika kijiji kile. Nitamtafuta mtu yule nimwombe radhi, na ikiwa atapenda, tukae chini tuanze na do.